Boksi Ambalo Mwenzio Analisubiri

Umeshawahi kuishi na mtu anayeisubiri kwa hamu filamu ambayo ameshaiona mara ishirini? Kama hujawahi, muulize mume wangu. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nikisikia kampuni fulani huko Marekani inatoa upya filamu za zamani, macho yanakwenda moja kwa moja kutafuta zile zangu. Yeye huuliza swali moja tu: “Si unayo tayari?”

Swali hilo, mpenzi msomaji, limeleta maneno kwenye nyumba nyingi. Mwezi huu naomba nilijibu kwa niaba yetu sote tunaosubiri, halafu niwape haki yao wanaotuvumilia.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii ile kopi ya mtaani yenye filamu kumi na mbili kwenye DVD moja. Nazungumzia toleo la kifahari. Chukua The Lord of the Rings. Sehemu ya kwanza iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2001, ikiwa na urefu wa karibu saa tatu. Novemba 2002 likatoka toleo refu lenye DVD nne: mbili za filamu yenyewe, iliyoongezwa kama dakika 30, na mbili za kuonyesha ilivyotengenezwa, kuanzia mavazi na silaha mpaka muziki. Waliotaka makubwa zaidi waliuziwa boksi lenye sanamu mbili za wafalme za kuegemezea vitabu. Yaani unainunua filamu, unapata na darasa na pambo la sebuleni!

Tatizo ni kwamba si kila filamu hupata bahati hiyo. The Abyss ya James Cameron ilitoka mwaka 1989. DVD yake ya mwaka 2000, ukiiweka kwenye televisheni pana za siku hizi, picha inakaa katikati kama barua kwenye bahasha, weusi pande zote nne. Mashabiki wakasubiri Blu-ray. Miaka ikapita. Toleo la 4K lilifika madukani Machi 2024, wakati mtoto aliyezaliwa mwaka wa ile DVD ameshamaliza chuo na anatafuta kazi. Pamoja nayo ikaja True Lies ya 1994, na hapo furaha ikaingia doa: baadhi ya waliosubiri walilalamika kwamba picha imesafishwa kupita kiasi, nyuso zinateleza kama za mwanasesere.

Wa Star Wars nao wana kilio chao. Mwaka 1997 George Lucas alizirudisha zile filamu tatu za mwanzo zikiwa zimebadilishwa, na DVD za 2004 zikaongeza mabadiliko mengine. Waliotaka filamu kama walivyoiona mwaka 1977 wakapewa DVD ya 2006, ambayo ile ya asili iliwekwa kama nyongeza tu, tena kutoka kwenye masta iliyoandaliwa kwa ajili ya LaserDisc mwaka 1993. Juni 2025, nakala halisi ya 1977 ilipoonyeshwa London kwenye tamasha la British Film Institute, ikawa habari kubwa. Fikiria, kuiona filamu uliyoipenda utotoni jinsi ilivyokuwa limekuwa tukio!

Ndiyo maana “si unayo tayari?” inatuchoma. Ninayo, lakini siyo yenyewe. Na usiniambie nitaangalia kwenye intaneti. Kule tunakodi tu; mkataba wa kuionyesha ukiisha, filamu inaondoka na hakuna anayekuaga. Iliyoko kabatini haiondoki.

Sasa zamu ya wanaovumilia. Wewe unayesubiri, panga fedha kabla ya kupanga furaha. Ada ya mtoto haina toleo la baadaye. Usinunue filamu ile ile mara ya tatu kwa sababu tu jalada limebadilika. Na kabla hujamtuma ndugu aliyeko Marekani, angalia deki yako. DVD zimegawiwa maeneo: za Marekani ni eneo namba 1, sisi Afrika Mashariki tuko namba 5, na deki iliyofungwa itakugomea mchana kweupe. Kwenye Blu-ray sisi ni eneo B, Marekani ni A. Diski za 4K hazina mgawanyo huo, lakini zinahitaji mashine yake.

Na wewe unayeishi na msubiriji, badilisha swali. Badala ya “si unayo?”, uliza: “Hii ina nini ambacho ile haina?” Jibu litakuwa refu, jiandae na chai. Lakini utamjua mwenzio. Rafiki yangu mmoja aligundua baada ya miaka sita ya ndoa kwamba ile filamu ya kivita ambayo mumewe anaitafuta kila mahali ndiyo mkanda wa mwisho aliokodi na baba yake. Miaka yote sita alidhani ni ushamba wa mabomu.

Nina boksi moja ambalo nalisubiri kuliko yote, nalo si la Hollywood. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, tulizinunua kwenye VCD na DVD, leo sehemu ya kwanza, kesho ya pili. Sijawahi kuona boksi lililozikusanya, picha na sauti zimesafishwa vizuri, na waliocheza naye wakisimulia siku zile za kamera moja na jenereta la kuazima. Wasimuliaji bado wapo. Wakiondoka, hakuna kampuni itakayoweza kuwaongeza kwenye toleo lolote.

Kwa hiyo wikiendi hii, fungueni droo ile ya chini ya televisheni. Zile VCD mlizoziweka huko, futeni vumbi, jaribuni kama bado zinacheza, na zinazocheza zihamishieni kwenye kompyuta mapema, maana diski nazo huzeeka. Halafu kaeni mtazame moja, wawili. Simu weka mbali.