Nyuzi za protini: Tarime na Serengeti zinaweza kuvuna nini?

Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, imebaki plastiki nyingine ambayo wananchi wengi hawaitambui kwa sababu huivaa. Imo katika sweta ya mwanafunzi anayeamkia baridi ya milima ya Tarime, katika jezi za vijana, na katika sehemu kubwa ya mitumba inayouzwa magulioni kutoka Sirari hadi Mugumu. Poliesta na akriliki hutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Nguo za aina hiyo zikifuliwa huachia vijiuzi vidogo visivyoonekana kwa macho, na zikichakaa hazigeuki udongo. Kwa wakazi wa bonde la Mto Mara, ambao maji yake hunywewa na watu, mifugo na wanyamapori kabla ya kufika Ziwa Victoria, jambo hili si la mitindo ya mavazi pekee.

Ndiyo maana nyuzi za protini zinarejea katika mjadala wa viwanda vya nguo duniani. Sufu ni protini iitwayo keratini, na hariri ni fibroini. Katika miaka ya 1930, Italia ilitengeneza hata kitambaa cha maziwa, Lanital, kwa kutumia kaseini, kabla ya nailoni na poliesta kukisukuma kando. Bakteria na kuvu huweza kuzimeng'enya nyuzi hizo zikifukiwa ardhini, mradi hazikuchanganywa na plastiki wala kutiwa rangi zenye sumu. Sharti hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi na wauzaji wa nguo zinazoitwa rafiki wa mazingira.

Mkoa wa Mara ni mkoa wa mifugo, hivyo wengi wangeanza kufikiria sufu. Hata hivyo, kondoo wa asili wa Tanzania ni wa nywele fupi na hawanyolewi sufu ya kusokota. Maziwa nayo ni chakula; kuyageuza kitambaa wakati watoto wanayahitaji kungekuwa kosa. Pamba inayolimwa wilayani Serengeti huoza ardhini, lakini ni selulosi, si protini, na ina mnyororo wake wa thamani. Inabaki hariri.

Mfano wa karibu upo ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi na wananchi wanaopakana na Msitu wa Kakamega juu ya nondo wa hariri wa porini aitwaye Anaphe. Viwavi wake hula majani ya mti wa Bridelia micrantha na kusuka kiota kimoja kwa pamoja. Watafiti walibaini kwamba kuyafunika matawi kwa vyandarua huwakinga viwavi dhidi ya maadui na kuongeza idadi ya wanaofikia kusuka. Huko Mwingi, nondo mwingine, Gonometa, huvunwa kwenye migunga. Vifukofuko vyake hukusanywa baada ya nondo kutoka, huchemshwa kuondoa gundi, kisha nyuzi husokotwa kwa gurudumu. Mti uliosimama ndio unaoleta fedha. Ukikatwa kwa ajili ya mkaa, mavuno yamekwisha.

Hapo ndipo wilaya ya Serengeti inapohusika. Vijiji vinavyopakana na hifadhi, vikiwamo vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, vinahitaji kipato kisichodai kupanua shamba wala malisho. Migunga ipo. Hatua ya kwanza ni kuhesabu nondo na miti kabla ya kumwahidi mwananchi senti moja. Lipo pia onyo kwa wafugaji: nchini Botswana na Namibia, ng'ombe wamekufa baada ya kumeza vifukofuko vya Gonometa, kwani hariri hiyo inayooza udongoni haimeng'enyeki tumboni na huziba njia ya chakula. Kuviokota, basi, kunaweza kuwa kinga ya mifugo pia.

Tarime ina nafasi tofauti. Nyanda zake za juu, ambako kahawa hustawi, zinaweza kujaribiwa kwa miforsadi na viwavi wa kufugwa nyumbani, ambao hula kwa takriban mwezi mmoja kabla ya kusuka. Viwavi hao hufa kwa mabaki madogo tu ya viuatilifu kwenye majani, kwa hiyo kuwaweka jirani na mashamba ya pamba yanayopuliziwa dawa ni kuwapotezea wakulima mtaji.

Hariri haitamvisha mwanafunzi wa Tarime. Bei yake haimruhusu, na kwake pamba inayosokotwa nchini ndiyo jibu la karibu zaidi. Hariri ni bidhaa ya mnunuzi mwenye uwezo, na mnunuzi huyo hupita Serengeti kila msimu wa utalii. Kinachokosekana kati yake na mwanakijiji ni gurudumu la kusokotea, kitanda cha mfumi, mtu wa kufundisha na mkataba wa bei uliosainiwa kabla ya mche wa kwanza kupandwa. SIDO na halmashauri za wilaya hizo mbili zinaweza kuanza na kikundi kimoja Tarime na kingine jirani na lango la Ikoma.