Ita mpira, mwanangu!

Hapa Mbeya mvua ndiyo zinaaga na baridi inabisha hodi. Mie wiki mbili hizi nyumbani kwangu Mwanjelwa hakukukalika. Kila alfajiri kuna mtu anagongesha mpira ukutani, pu, pu, pu, mpaka majirani wakaanza kuguna.

Mwenyewe ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, anasoma bweni Iringa. Alikuja kwangu likizo fupi. Shule ikifunguliwa tu, kuna mchujo wa timu ya wavu. Wakipita hapo ndipo wanaanza kuisaka UMISSETA ya katikati ya mwaka: wilaya, mkoa, hadi taifa. Si mchezo!

Tatizo lake moja tu. "Shangazi, mimi mfupi. Wavu wenyewe wa wasichana mita 2.24. Smashi nitapiga saa ngapi?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maana siyo siri, na mie nilishapita humo humo, Iringa, mwaka 1993. Nilijikoki ile mbaya. Asubuhi kuruka kamba, jioni mbio za kupanda jiwe la Gangilonga, viatu vya mitumba nimevipaka chaki vikawa vyeupe pee. Siku ya mchujo nikashusha smashi mbili za nguvu, uwanja mzima mayowe. Nikajua jezi ni yangu.

Halafu ukaja mpira mmoja wa kizembe kabisa, ukashuka kati yangu na rafiki yangu wa bwenini, mie kitanda cha juu, yeye cha chini. Nikamwangalia, akaniangalia. Puu! Chini. Ukaja wa pili, yale yale. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari.

Jioni majina yakabandikwa. Langu halimo, lake halimo. Kila mtu akaamini mwenzie ndiye aliyemponza. Mpaka tunamaliza kidato cha nne, salamu zetu zilikuwa za kulazimisha. Jezi niliisahau mapema. Hilo jingine sijalisahau.

Basi nikamkalisha mtoto chini. Kwanza, ufupi siyo ugonjwa. Tangu mwaka 1998 kimataifa kuna libero, yule anayevaa jezi ya rangi yake peke yake. Hazuii wavuni, hashambulii mpira ulio juu ya wavu, kazi yake kupokea na kuokoa. Enzi zetu hakuwepo. Pili, zamani mkianzisha mpira nyie halafu mkauboronga, mlipoteza zamu tu, wapinzani hawapati kitu. Siku hizi kila mpira unaokufa una pointi yake, mpaka 25. Kwa hiyo ububu umepanda bei.

Mazoezi yetu yakawa hivi. Kamba dakika kumi. Kisha anakunja magoti, mikono mbele, kijana wa jirani anasimama ubavuni mwake, mie nawarushia katikati. Kabla mpira haujafika, mmoja lazima apaze sauti: "Wangu!" Siku ya kwanza binti alinong'ona kama mtu anayeazima chumvi.

"Shangazi, je, nikiita halafu nikaukosa?"

Swali zuri hilo, hata mie lilinishika. Nikamwambia, ukiita ukaukosa, kila mtu anajua kosa la nani, mnacheka, mnaendelea. Msipoita, mtaenda kulitafutia mwenyewe bwenini usiku.

Jumamosi nikamsindikiza stendi, basi la Iringa. Purukushani kama kawa. Kondakta kanyanyua begi juu: "La nani hili?" Kimya. Mara nasikia kitoto kimepasua anga: "Langu!" Abiria wote wakageuka. Mie nikajifanya simjui, ila moyoni nilikuwa nashangilia.

Mchujo wenyewe wiki hii. Akipita au asipopita nitawaambieni. Na nyie mnaojiandaa huko mashuleni, smashi fanyeni, lakini na koo lifanyeni mazoezi.

Na wewe mwenzangu wa kitanda cha chini, popote ulipo, kama ukurasa huu umekufikia: ule mpira wa kwanza ulikuwa wangu.

Tukutane wiki ijayo!