Majivu, magadi na mota ya kesho

Leo siandiki siasa. Najua wengine mmezoea kupita hapa kutafuta ya bungeni, lakini leo naomba tuzungumze kuhusu mota. Ndiyo, mota. Ule mchanganyiko wa mchanga, saruji na maji ambao fundi anaubandika kwa mwiko kati ya tofali na tofali. Wote tunalala katikati yake, na karibu hakuna anayeuliza umetengenezwaje.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila ninaposikia watu wa mazingira wakiongelea mota mbadala inayoitwa jiopolima, sifa ya kwanza wanayotaja ni ileile: ina nguvu kuliko ya saruji. Mimi si mhandisi, ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Baada ya kusoma sana, naona nguvu si swali. Maswali yenyewe ni haya: itadumu? Na nani ataichanganya?

Tuanze na msingi. Saruji ya kawaida hutokana na mawe ya chokaa na udongo vinavyochomwa kwenye tanuri hadi nyuzi joto 1,450 hivi. Jiwe la chokaa likiungua linaachia hewa ya ukaa. Si moshi wa makaa peke yake, jiwe lenyewe linaitoa. Kwa hiyo hata ukiendesha kiwanda kwa nishati safi mwanzo mwisho, zaidi ya nusu ya hewa hiyo bado itatoka. Dunia nzima, saruji inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Jiopolima inaikwepa hatua hiyo. Unachukua unga wenye silika na alumina kwa wingi: majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme, taka za tanuri la chuma zilizosagwa, au udongo mweupe uliochomwa kidogo. Unaukoroga na maji makali ya kostiki soda na sodiamu siliketi. Maji hayo yanauyeyusha unga, kisha chembechembe zake zinashikana upya kama mnyororo na kuwa kitu kigumu kama jiwe. Mfaransa Joseph Davidovits ndiye aliyekipa kitu hiki jina katika miaka ya 1970, na kabla yake Victor Glukhovsky kule Kiev alishafanya kazi inayofanana nayo katika miaka ya 1950. Kwa hiyo si habari ya jana.

Haya, nguvu. Maabara nyingi zimepata mota ya jiopolima yenye megapaskali 40, 60 na zaidi. Kwa lugha yetu, megapaskali 40 ni kama kubebesha kilo 400 juu ya kila sentimita moja ya mraba, eneo la ukubwa wa ukucha. Tena ile ya majivu ya makaa ukiiweka kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa siku moja, sehemu kubwa ya nguvu yake unaipata kesho yake, wakati saruji tumezoea kuipima baada ya siku 28.

Inapendeza. Lakini mota ya kupangia matofali haihitaji hata robo ya nguvu hiyo. Matofali yetu mengi ya mtaani yenyewe hayafiki huko! Kubandika mota ya megapaskali 60 kwenye tofali la namna hiyo ni kumvalisha mtoto wa chekechea buti la mwanajeshi.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar, ni mawe ya matumbawe na chokaa, mota laini inayoacha unyevu utoke. Ukizikarabati kwa saruji ngumu, unyevu unanaswa ndani na ukuta unaoza taratibu huku kwa nje unaonekana mpya. Ndiyo maana wataalamu wa uhifadhi wanasisitiza chokaa irudi. Mota bora ni ile inayoelewana na ukuta wake, si lazima iwe ngumu kuliko zote.

Sasa tuje kwenye kudumu, na hapa nakiri jiopolima inanivutia. Anayeishi Dar anaujua ugonjwa wa chumvi. Nyumba niliyowahi kupanga, kila baada ya masika lipu ya chini ilikuwa inapukutika kama sembe. Mwenye nyumba anapaka rangi, miezi michache chumvi imerudi. Mota ya saruji ina kalsiamu nyingi, na hiyo ndiyo asidi na chumvi za salfeti zinaitafuta na kuitafuna. Jiopolima ya majivu au ya udongo mweupe ina kalsiamu kidogo sana, hivyo wadudu hao hawana cha kula. Chukua mabomba ya majitaka: bakteria waliomo humo wanatengeneza asidi ya salfuriki inayolamba zege la kawaida kutoka juu. Mahali kama pale jiopolima inaonyesha faida ya kweli. Kwenye moto pia inastahimili vizuri kuliko saruji.

Lakini nayo ina magonjwa yake, na wauzaji hawapendi kuyataja. Ile inayotumia taka za chuma hunywea na kupasuka isipoangaliwa. Ukizidisha maji kidogo tu, nguvu inaporomoka. Na kama soda imezidi, au haikufungwa vizuri ndani, inapanda na unyevu hadi usoni mwa ukuta, inakutana na hewa ya ukaa na kugeuka unga mweupe. Unajua unga huo ni nini? Ni magadi! Ndugu wa yale tunayolainishia maharage. Yaani unakimbia chumvi ya bahari halafu ukuta wako unajitengenezea magadi yake wenyewe.

Tukumbuke pia umri. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, tuna karne mbili za kuitazama ikizeeka. Jengo la Global Change Institute la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambalo hutajwa kama la kwanza kubebwa na zege la kisasa la jiopolima, lilikamilika mwaka 2013. Uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na Toowoomba, huko huko Australia, ulianza kuhudumia abiria mwaka 2014 ukiwa na maelfu ya mita za ujazo za zege hilo. Ni mifano mizuri, lakini bado ni vijana wadogo.

Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nani ataichanganya?

Waliowahi kutengeneza sabuni za miche wanaijua kostiki soda. Inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Sasa mfikirie saidia fundi wetu, peku au na ndala, hana glavu, hana miwani, anakoroga kwa koleo chini kwenye vumbi. Mfikirie na fundi anayepima kwa karai na kwa macho, anaongeza maji kila mota inapoanza kumkazia. Saruji ni mama mvumilivu, inasamehe mengi. Jiopolima haina huruma hiyo.

Na hata huyo mvumilivu tumemchosha. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Sisemi mota ndiyo iliyoyaangusha. Nasema nchi ambayo bado inazika watu kwa sababu ya majengo haiwezi kumkabidhi kila fundi wa mtaani dawa kali na kumwambia ajaribu.

Je, tuachane nayo? Hapana. Msimamo wangu ni kwamba jiopolima ianzie kiwandani, siyo saiti. Vitofali vya kupanga njiani, mabomba ya majitaka, matofali, vitu vinavyomwagwa kwenye umbo chini ya mtu aliyesomea, mwenye glavu na mizani. Hata pale Queensland, mihimili 33 ya sakafu ilitengenezwa kiwandani kwanza ndipo ikapelekwa na kupachikwa. Na joto? Jua letu na turubai jeusi vinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo bure.

Pili, tusinakili mapishi ya watu. India na Australia wana milima ya majivu ya makaa. Sisi umeme wetu unatoka zaidi kwenye gesi na maji, Bwawa la Julius Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Majivu hayo tutayatoa wapi, tuagize kwa meli? Huo si utunzaji wa mazingira, ni kichekesho. Tunacho udongo mweupe wa Pugu, ambao unahitaji nyuzi 700 hivi tu ili uamke. Tuna majivu ya volkano Mbeya na Kilimanjaro. Tuna pumba za mpunga ambazo tunazichoma ovyo kando ya mashine za kukoboa.

Na soda? Imo kwenye magadi yetu. Magadi yakichemshwa na chokaa yanatoa kostiki soda, yakiyeyushwa na mchanga kwenye moto mkali yanatoa siliketi. Majirani zetu Kenya wanachimba Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100, na sisi tuna bonde la Engaruka. Ziwa Natron naomba liachwe, lile ni la flamingo. Ila tusidanganyane: kutengeneza soda hizo kunakula nishati nyingi. Ndiyo maana makadirio ya hewa ya ukaa inayookolewa yanatofautiana sana, wengine wanasema asilimia 80, wengine chini ya 10. Inategemea umezipata wapi na umezichoma kwa nini.

Ninachotaka kuona ni TBS watoe kiwango kinachopima matokeo, yaani nguvu, chumvi, unyevu na kupasuka, badala ya kuuliza tu kama kuna saruji ndani. Vyuo vyetu viache kutuonyesha namba za siku ya 28 pekee. Vichukue vipande hivyo, viviweke ufukweni miaka mitano, kisha vituonyeshe vimefananaje. Na serikali ianze na njia zake za waenda kwa miguu na mitaro yake yenyewe. Isije ikamfanya mwananchi wa kipato cha chini kuwa panya wa maabara kwa jina la nyumba nafuu.

Siku hivyo vipande vya ufukweni vikitoka vizima, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia hapa hapa. Nawasilisha hoja.