Ile serumu ya vitamini C: tusome chupa kabla ya kupaka



Swali moja limekuwa likirudi katika vikundi vyetu: ile serumu ya vitamini C ambayo mabinti wanaonyeshana kwenye simu, na ambayo sasa iko hata kwenye meza za soko la Kadutu, ni kitu kizuri ama ni yale yale ya kujichubua? Jina lenyewe linachanganya, maana kwetu serumu ni ile chupa ya maji inayotundikwa hospitalini. Hii ya leo ni ya kupaka usoni. Ni maji mepesi, pengine mazito kidogo kama mafuta, katika kichupa cha mililita 30 hivi chenye kifuniko cha kudondoshea. Na mtu akikuambia yake ni ya kudunga sindano ili ung'ae, mama, usimpe mkono wako.

Jibu letu ni hili: vitamini C yenyewe haichubui. Lakini maneno "vitamine C" mbele ya chupa hayatuambii yote yaliyomo ndani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwili wetu hauwezi kutengeneza vitamini C, tunaipata katika chakula. Ngozi inaihitaji ili ijenge kolajeni, ile kamba inayoshikilia ngozi isilegee. Ikipakwa usoni kwa kipimo cha kutosha, inapunguza kidogo utengenezaji wa rangi nyeusi mahali ngozi ilipoumia. Kwa hiyo madoa yaliyoachwa na chunusi, na yale yanayotokea mashavuni wakati wa mimba, yanaweza kufifia polepole. Tunasema polepole: miezi 2 au 3 ya kupaka kila siku, na si kila mtu anaona tofauti kubwa. Anayeahidi uso mpya kwa siku 7 anauza kitu kingine.

Madoa hayo yanakolezwa na jua. Bukavu yetu iko karibu na ikweta, tena juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari; baridi ya asubuhi inatudanganya tu, jua linachoma. Anayepaka serumu na kwenda kuuza mchana kutwa bila kufunika uso anapangusa sakafu huku paa linavuja.

Tuje kwenye matumizi. Inapakwa asubuhi. Nawa uso kwa sabuni isiyo kali, jipanguse, paka matone 3 au 4 usoni na shingoni. Ngoja dakika chache, kisha paka mafuta yako ya kawaida, mwisho ile krimu ya jua iliyoandikwa 30 au zaidi. Asiye na pesa ya krimu ya jua avae kofia pana au abebe mwavuli. Kati ya serumu na mwavuli, sisi tungeanza na mwavuli.

Kabla ya siku ya kwanza, weka tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku 2. Kuwasha kidogo ni kawaida kwa sababu ni asidi. Ikiunguza, ikivimbisha au ikitoa vipele, nawa na uache. Kuhusu nguvu yake, chupa nyingi nzuri zina kati ya asilimia 10 na 20. Kuzidi 20 hakuongezi faida, kunaongeza kuwashwa tu. Anayeanza achukue 10, siku moja apake, siku moja apumzike.

Vitamini C inaharibika upesi. Mnajua parachichi likikatwa na kuachwa wazi linavyogeuka rangi. Hii nayo ikipata hewa, mwanga na joto inakuwa njano iliyokolea, kisha kahawia, na nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo kichupa cheupe kilichokaa juani sokoni tangu asubuhi ni hasara hata kama ni cha kweli. Tafuta chupa nyeusi au ya kahawia, angalia tarehe, iweke nyumbani mahali pa giza na baridi. Nyuma ya chupa kuna kijipicha cha kopo lililo wazi chenye namba, kwa mfano 3M au 6M. Hiyo ni miezi ya kuitumia tangu uifungue.

Sasa geuza chupa usome palipoandikwa "Ingrédients". Majina yanapangwa kwa wingi: kilicho kingi kinatangulia. Kama ni serumu ya kweli, utaona "ascorbic acid" au jina lenye "ascorbyl" karibu na mwanzo. Likiwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, umenunua maji yenye harufu.

Ukiona "hydroquinone", "mercure", "mercury", "calomel", "clobétasol" au "bétaméthasone", irudishe mezani. Ya kwanza, ikitumiwa muda mrefu bila munganga, huweza kuacha mabaka meusi ya bluu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na hayo hayaondoki kirahisi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa katika vipodozi vya kawaida tangu 2001. Yale mawili ya mwisho ni dawa kali za ngozi za familia ya steroidi. Yakipakwa ovyo ngozi inakuwa nyembamba, na vidonda vinachelewa kupona. Fikirieni mama anayepasuliwa wakati wa kujifungua akiwa na ngozi hiyo. Na zebaki, ambayo ndiyo hiyo "mercure", inaharibu figo, inamfikia mtoto tumboni, na inabaki kwenye taulo na mikono inayombeba mtoto. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuyaondoa mafuta ya namna hii madukani mwishoni mwa 2018. Chupa isiyo na orodha yoyote nayo tuikatae, hata muuzaji akiwa ndugu.

Tunakaza hapa kwa sababu darasani tunawaona wasichana wa miaka 14 na 15 wenye uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine. Hawakuanza na mafuta makali. Walianza na kitu "cha vitamini", kilichonunuliwa kwa pesa ya daftari, kwa sababu kuna mtu nyumbani aliwaambia kwamba dada yao mweupe ndiye mzuri. Serumu haiwezi kutibu neno hilo. Sisi wenyewe tuache kulisema mbele ya watoto.

Wengine wameuliza kama ndimu inatosha. Hapana. Ndimu ni kali kupita kiasi usoni, na maji yake yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge na kuacha doa jeusi zaidi ya lile la kwanza. Vidonge vya farmasi kuvisaga na kupaka pia hapana, huwezi kujua kipimo. Ndimu iwe ya samaki.

Na ngozi hulishwa pia kutoka ndani. Pera moja lililoiva linaweza kumpa mama vitamini C ya siku nzima; papai na machungwa nayo yanasaidia. Sombe ina vitamini hiyo ikiwa mbichi, lakini kwa saa tunazoichemsha inabaki kidogo, kwa hiyo tunda lifuate chakula. Anayenyonyesha anahitaji zaidi ya wengine.

Mwenye madoa yanayoenea, yanayowasha au yaliyopoteza hisia asitafute serumu, aende kwa munganga, maana huenda ni ugonjwa wa ngozi wenye dawa yake. Mwenye mimba naye aulize kabla ya kupaka chochote kipya.

Kwenye kikao kijacho, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, kila mmoja alete chupa anayotumia nyumbani, na ile ya binti yake kama atakubali. Miwani ya kusomea tutakuwa nayo, maana maandishi ya nyuma ni madogo sana.