Tusiwaketishe Wazee Wetu Kabla ya Wakati

Aghalabu mzee aliyepatwa na kiharusi au kuvunjika nyonga huruhusiwa kutoka hospitalini, iwe Meru, Chogoria au Embu, akiwa hai lakini hajiwezi. Jamaa humlaki kwa furaha, wakamtandikia kitanda na kumwekea kiti uani. Tangu siku hiyo huoshwa, huvishwa na kulishwa. Baada ya miezi michache, miguu iliyozoea kupanda vilima vya kahawa na majani chai haiwezi tena kumfikisha msalani. Watu husema ni uzee. Mimi nasema kwamba mara nyingi ni mapenzi yetu yaliyopotoka njia.

Misuli isiyotumiwa hudhoofika upesi, hasa ya mzee, hata kwa siku chache za kulala kitandani. Naye anayeacha kutembea kwa hofu ya kuanguka huzidi kupoteza nguvu, akawa mwepesi zaidi wa kuanguka.

Nchini Uingereza, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014, mtu wa namna hii aweza kupewa msaada nyumbani bila malipo hadi majuma 6. Mhudumu hamfanyii mzee kazi, bali husimama kando yake anapojifunza upya kufunga vifungo, kuchemsha chai na kuoga. Kadiri mzee anavyopata nguvu, ndivyo mhudumu anavyojiondoa.

Je, jambo hili lawezekana kwetu? Naamini lawezekana. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hununua unga. Hazimfundishi mtu kuinuka kitini. Lakini wapo wahudumu wa afya ya jamii waendao nyumba kwa nyumba, ambao Serikali iliwazindua 100,000 kote nchini mwaka 2023. Kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu ziwafunze kazi hii chini ya wataalamu wa tiba ya viungo. Vifaa vyenyewe si ghali: mkongojo, kiti chenye mikono, na ufito imara wa kujishikia chooni.

Kizuizi kikubwa, nionavyo, ni fedheha. Jirani akimwona ajuza akiosha vikombe huku mkaza mwana amesimama kando, atanena nini? Atasema mama wa watu anateswa. Kwa kuuogopa ulimi huo, wengi huwanyang'anya wazee kazi ambazo zingewaponya.

Sisemi kwamba kila mzee atapona. Wapo watakaohitaji kutunzwa hadi mwisho wa maisha yao, na ni wajibu wetu kuwatunza. Lakini aamue mtaalamu baada ya jaribio la haki, si sisi siku ya kwanza.

Walimu wanaweza kulifafanua jambo hili darasani. Nawe mwanafunzi, ukienda likizo, usikimbilie kumletea nyanya kikombe. Mpe mkono, mwende pamoja kukichukua. Haba na haba hujaza kibaba: hatua tano leo, saba kesho, na huenda kabla ya shule kufunguliwa akakusindikiza mpaka langoni.