Likizo ya Usukani Inatupofusha

Vijana wetu wengi wa Wamaza na Kasongo, huku kwetu Maniema, wakishapata dola kidogo za dhahabu au za biashara, huwa na ndoto moja: kufika Zanzibar, kukodi gari na kukizunguka kisiwa wenyewe. Picha za waliotangulia zinapita kwenye simu: mkono uko kwenye usukani, minazi pembeni, bahari mbele. Na maneno ni yaleyale. Mwenye gari yuko huru, mwenye gari huona kila kitu, na anayepanda na wengine huona kile anachoonyeshwa tu.

Naikataa imani hiyo. Ni uongo kwa msafiri yeyote, na kwa mtu wa Maniema ni hasara kubwa zaidi.

Unguja, kisiwa hicho wanachokizunguka, ni kidogo. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,700, na jimbo letu lina zaidi ya 132,000. Aliyeamka mapema na gari lake anaweza kutoka Nungwi kaskazini hadi Makunduchi kusini kabla ya adhuhuri. Ameona nini? Kule magari hupita kushoto na huku kwetu tunapita kulia, kwa hiyo macho yake yalikuwa kwenye lami muda wote. Mfukoni ana kibali cha udereva cha kisiwani, na kila akiwaona polisi moyo unamwenda mbio. Kizimkazi Dimbani amepita karibu na msikiti wenye paa la bati, akaona jengo kama majengo mengine, akakanyaga mafuta. Ndani ya msikiti huo, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hayasomeki kwa dirisha la gari. Anayeyaona ni yule aliyeshuka, akabisha hodi, akamngoja mwenye ufunguo, akavua viatu.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Hamed bin Muhammad el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa tunayemwita Tippu Tip, alijenga nguvu zake Kasongo. Aliondoka huku mwaka 1890, hakurudi tena, akafa Zanzibar mwaka 1905. Nyumba yake ipo mpaka leo Shangani, Mji Mkongwe, katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Mtoto wa Kasongo anasafiri siku nyingi, anavuka ziwa Tanganyika, anavuka Tanzania nzima, anafika kwenye kisiwa ambako pembe na watumwa wa nchi yake waliuzwa, kisha anaegesha gari ufukweni kupiga picha. Hilo linaniuma.

Tuangalie na upande wa pili. Nani aliyeiona Maniema katika karne ya kumi na tisa, akaiandika hata dunia ikashtuka? Ni msafiri David Livingstone, na aliiona kwa sababu alikwama. Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, ilimshika kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, miguu imejaa vidonda hata hawezi kutembea. Alipopona akaenda Nyangwe, na hapo tena akakwama, maana alitaka mitumbwi ya kuvuka mto Lualaba asiipate. Kwa kukosa la kufanya akawa anakwenda sokoni, anawatazama wanawake wakibadilishana samaki na mihogo. Ndiyo maana tarehe 15 Julai 1871 alikuwepo watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipoufyatulia risasi umati wa soko lile. Mamia walikufa, wengi wakiwa wanawake, wengine wakizama mtoni. Habari aliyoiandika ilifika Uingereza mwaka uliofuata na kuwapa nguvu waliotaka biashara ile ivunjwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lilikuwa Mkunazini, mahali ambapo leo pamesimama kanisa kuu la Anglikana.

Damu ya Nyangwe imo katika historia ya kufungwa kwa soko la Mkunazini. Mtu aliyekosa mtumbwi ndiye aliyekuwepo kushuhudia. Angekuwa na chombo chake, angekuwa ameshavuka.

Nitaambiwa ninasifu barabara mbovu. Hapana. Mama mjamzito anayebebwa kwenye pikipiki kutoka kijijini hadi hospitali anastahili barabara leo, na kila mvua inayokata njia ya Kabambare ni aibu ya serikali. Barabara ni haki. Mimi ninamsema mtu aliye likizoni, mwenye nafasi ya kuchagua, anayedhani amechagua uhuru kumbe amechagua kioo.

Kioo hicho sisi tunakijua. Magari makubwa hupita Wamaza vioo vimepandishwa, na walio ndani wanakwenda kusema mjini kwamba huku hakuna kitu. Mwenye pikipiki na msukuma baiskeli wa mafuta ya mawese wanaijua njia vingine, kwa sababu lazima waulize: daraja lipo? mto umejaa? waliopita jana walipita salama? Kwa kuuliza huko wanapewa maji, wanapewa habari, wanajulikana kwa majina. Tunakasirika wageni wakitupita vile. Kwa nini basi tuende kuwapita Waswahili wenzetu vilevile, nasi tuna lugha moja nao, silaha ambayo mgeni wa Ulaya hana?

Kijana wangu, pesa ya gari iache mfukoni. Siku ya kwanza nenda Mkunazini kwa miguu, kisha Shangani, uulize nyumba ya Tippu Tip. Siku ya pili panda daladala ya Kizimkazi, ukae katikati ya watu na vikapu vyao. Watakuuliza umetoka wapi. Waambie Maniema, na usikilize watakachokujibu.