Mashine ya Dada Haijafa, Ina Ukoko!

Mwenzenu wiki hii nimenusurika kuumbuka.

Dada yangu anafanya kazi Muscat. Alipoondoka mara ya mwisho aliniachia mashine yake ya kahawa, ile ya kutonesha, yenye tangi la maji nyuma na jagi la kioo chini. Nikawa natamba nayo, si mchezo! Tatizo maji ya hapa kwetu Temeke ni ya kisima, yale ambayo sabuni haitoi povu.

Mwezi uliopita ikaanza vituko. Jagi lililokuwa likijaa kwa dakika 10 likawa linachukua nusu saa, mashine inakoroma na kutema mvuke, na kahawa yenyewe vuguvugu. Fundi mmoja akaitazama bila hata kuifungua, akasema hita imeungua, nimwuzie kama chuma chakavu. Na dada anakuja likizo Jumamosi! Kwa mapene ya safu hii, jamani, ya kununulia nyingine ningeyatoa wapi?

Nikakumbuka kemia ya kidato cha tatu. Maji magumu yakichemka huacha chokaa, ule ukoko mweupe ulioko hata kwenye birika lako. Ndani ya mashine unaganda kwenye kibomba chembamba kinachopita kwenye hita, maji yanapita kwa shida na joto haliyafikii sawasawa. Kinachoyeyusha chokaa ni asidi, na asidi ipo jikoni: siki nyeupe.

Basi bwana, nikachanganya siki na maji nusu kwa nusu, kahawa sikuweka, nikawasha. Nusu ya tangi ilipopita nikazima, nikasubiri dakika 30, nikamalizia. Yaliyotoka, mama yangu! Vipande vyeupe kama maganda ya yai. Kisha nikapitisha maji matupu matangi 3, maana harufu ya siki ni king'ang'anizi. Sasa jagi linajaa kwa dakika 11. Hiyo moja nimeisamehe.

(Kijitabu cha mashine yako kikikataza siki, kifuate. Na usithubutu kuichanganya na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inatoka gesi ya klorini, ni sumu.)

Siku hizi maji nayachemsha kwanza kwenye sufuria, nayaacha yatulie, namimina ya juu tu. Mvua ikinyesha nakinga.

Sasa niambieni: Jumamosi nimweleze dada yote, au nifunge bakuli langu nimmiminie kahawa?